Baba wa Kwenye Runinga

Ndani ya basi, kwenye kiti cha mbele yangu, fundi umeme alikuwa akimlalamikia bibi asiyemjua. "Tamthilia hizi zitatumaliza, mama. Kuna baba humo anamsuka binti yake. Sasa wangu naye ananing'ang'ania mimi!" Bibi akauliza, "Ukamsuka?" Fundi akainama. "Nilimsokota kama nyaya. Akalia."

Kumbe kesi yenyewe ilikuwa hapo.

Bibi akamwekea kiganjani matamvua ya mtandio wake. "Gawa mafungu matatu. La pembeni lipite juu ya la kati."

"Hii kazi ya mama yake," aling'aka fundi, vidole vikienda. "Runinga inatuharibia nyumba."

"Usikaze hivyo, mwanangu, mtoto ataumia."

Basi liliposimama fundi alishuka, bado anabisha. Mtandio wa bibi ulibaki na msuko mmoja mzuri, umefungwa mwishoni kwa tepu nyeusi ya umeme.