Pikapu Iliyopenda Kushoto

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Diwani Ngatia, Bwana Chifu, Mchungaji, na ninyi nyote mliosimama kwa sababu viti vimekwisha:

MAKARIBISHO
Sisi akina mama wakulima wa viazi wa Endarasha tunakukaribisha kwa mikono miwili. Furaha yetu imezidi kwa kuwa umefika. Gari lako lilipokwama matopeni asubuhi na tukakutumia pikapu, wengine wetu walidhani utachagua kutembea.

HISTORIA
Pikapu hiyo ni zawadi yako ya mwaka wa 1974, majuma machache kabla ya kura. Ulikuwa umeiendesha wewe mwenyewe tangu kabla ya Uhuru, kwa hiyo tuliipokea ikiwa na uzoefu mwingi. Dereva tulimpata hapa hapa: Mama Mbula, mke wa polisi wetu, mzaliwa wa Ukambani, aliyejifunzia usukani Wang'uru akimbebea kaka yake mchele.

MAFANIKIO
Viazi vyetu sasa vinafika Nyeri kabla havijaota. Pia tumejua kuomba. Mchungaji ni shahidi kwamba wanachama wanaopanda nyuma ya pikapu hawakosi ibada.

MATATIZO
Mheshimiwa, tatizo lilikuwa breki. Mama Mbula alikanyaga pedali, nayo ikazama kama mguu kwenye tope. Akikanyaga tena na tena, breki zilishika, lakini pikapu ilijivuta kushoto. Hakukuletea malalamiko, maana ng'ombe wa zawadi hakaguliwi meno. Aliongeza mafuta ya breki, yakapungua tena. Alipunguza magunia, ikavuta vile vile. Usiku alikuwa akimwambia mumewe kwamba anaogopa kuua watoto wa watu.

Kisha ikaja siku ile ya mteremko wa kwako. Ng'ombe alikatiza, Mama Mbula akakanyaga, pikapu ikaacha barabara upande wa kushoto, ikapenya ua wako na kusimama katikati ya shamba lako la pareto. Hakuna aliyeumia. Wewe ulitoka na kikombe cha chai mkononi.

"Mama, hii gari haina makosa," ulisema. "Makosa iko kwa mikono ya dereva."

"Bwana Diwani, breki nakanyaga na mguu," akajibu Mama Mbula.

Hapo ndipo ulipoamua kwamba gari linataka mwanamume, na kwamba mpwa wako Mutahi aje kuchukua ufunguo Jumamosi. Mama Mbula alirudi kwa miguu, na pikapu tukaileta baadaye kwa kuivuta. Hakulia mbele yetu, ila kitambaa chake cha kichwa alikivua na kukifunga upya mara nyingi sana.

Ijumaa alituita. Alisema ufunguo atautoa, lakini hatampa mtu mwingine kifo. Kwa kuwa gari huvuta kushoto, sote tulijua ubaya uko kushoto. Tukafungua gurudumu la mbele la kushoto, tukakuta kila kitu kikavu na kizima. Tukalirudisha kwa aibu. Mama Mbula akakaa juu ya debe, akafikiri.

"Ng'ombe wawili wakilima na mmoja ni mvivu," akasema, "jembe linaenda upande wa nani?"

"Wa yule anavuta," akasema mwenzetu Mama Gathoni.

Breki iliyovuta ilikuwa ya kushoto, basi mvivu alikuwa kulia; tukafungua gurudumu la kulia. Silinda ndogo inayosukuma viatu vya breki, vile vibao vinavyobana gurudumu, ilikuwa ikivuja, na viatu vyenyewe vimelowa mafuta, vinateleza badala ya kushika. Moffat, fundi wa Gatitu, alituletea silinda mpya na viatu vya pande zote mbili. Alituonya kwamba ukibadilisha upande mmoja tu, gari litaendelea kupendelea.

Ikabaki kutoa hewa iliyoingia kwenye mipira inayopitisha mafuta ya breki, ile inayoifanya pedali iwe laini. Kazi hiyo inataka mtu wa kukanyaga na mtu wa kufungua skrubu kule kwenye gurudumu. Kulikuwa kumekucha Jumamosi, na Mutahi akatokea, amevaa koti, amekuja kuchukua ufunguo. Mama Mbula alimwambia aketi akanyage. Alikanyaga hadi mapovu yakaisha na pedali ikawa ngumu kama kisiki.

Leo asubuhi umepanda pikapu hiyo. Tumeambiwa uliushika mlango kwa mikono yote miwili hadi kwenye mteremko wako, na kwamba Mama Mbula alisimamisha gari hapo bila kuulizwa. Lilisimama limenyooka. Ndipo ukauachia mlango.

MAOMBI
Tunaomba mambo mawili. La kwanza, ufunguo ubaki kwa Mama Mbula, na useme hivyo hapa, kwa kipaza sauti.

La pili linamhusu Mutahi. Yeye ameketi kule nyuma na ametusihi tulisome sisi, maana kukuambia mwenyewe anaogopa. Mheshimiwa, kijana hajui kuendesha gari. Hajawahi kujua. Ulipomwita dereva mbele ya watu alishindwa kukukatalia, na tangu siku hiyo hali chakula vizuri. Anaomba umsamehe, na Mama Mbula amekubali kumfundisha.

Mungu akulinde uendako, na akurudishe kwetu kwa njia kavu.

Ni sisi wako,
Akina Mama Wakulima wa Viazi, Endarasha.
Imesomwa na Magdaline Wamucii, Katibu.