Risala Kuhusu Wenzetu Walioacha Kula

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Ndassa wa ofisi ya wilaya. Mkuu wetu wa shule, walimu na wazazi: shikamooni.

Sisi wasichana wa bweni la Shule ya Sekondari Nyakirenzi tunakukaribisha Ngara mwezi huu wa Septemba, 1997. Tulielekezwa tueleze habari za paa na maji. Tuliomba, tukakubaliwa, tueleze habari za chakula. Si kwamba hakipo. Maharage yapo, ndizi zipo, na mahindi uliyotuletea tumeyapokea kwa shukrani.

HISTORIA

Mwenzetu Recho Bartholomayo wa Kidato cha Pili anatoka Kirushya. Yupo hapa, na ameturuhusu tumtaje. Mwaka 1994, wakimbizi walipokuwa wakipita kwao siku baada ya siku, Recho, akiwa na miaka kumi na mitatu, alimkuta msichana wa rika lake ameketi kando ya njia. Akamletea sufuria ya ndizi na maharage. Msichana alikula zote upesi, akamtazama Recho, akatabasamu. Jua halijatua alikuwa amekufa, mkono ungali ndani ya sufuria. Mama alisema ni mapenzi ya Mungu. Baba alisema sufuria ioshwe. Hakuna aliyemuuliza Recho chochote.

Mwaka jana, hapa shuleni, Recho alianza kutugawia chakula chake. Tulifurahi, tukala. Alipenda kutupakulia, kisha akasimama nyuma ya benchi akitutazama tunavyomeza, na midomo yake ikicheza pamoja na yetu. Baada ya masomo aliuzunguka uwanja mpaka kengele ilipolia. Alivaa sweta mbili kwenye jua kali. Mikono yake ikaota vinyweleo laini kama vya kifaranga. Tulipomwambia kwamba anakwisha, alilishika tumbo lake.

"Ninyi hamuoni nilivyonenepa?"

Tulitazama, tukaona mifupa. Yeye hakuwa akitania. Alikuwa akiuona unene huo kweli, na hilo ndilo lililotutisha.

Shuleni aliadhibiwa kwa kiburi. Nyumbani alipelekwa kwa mfumu, mganga wa jadi, akachanjwa chale. Bwenini tulisema yule marehemu wa njiani amemfuata. Kisha wengine watatu wakaacha kula, tukasema mzimu umehama kitanda.  Bwaloni kila mmoja alitazama sahani ya jirani yake, na aliyepeleka kijiko mdomoni alijiona kama ametenda dhambi.

MAFANIKIO

Mwezi Februari aliletwa Dada Véronique, muuguzi Mrundi anayeishi katika kambi ya wakimbizi. Alikuja kila Jumanne kwa kibali. Alituambia kwamba huu ni ugonjwa, si kiburi wala mzimu, na kwamba huwapata vijana wa kila taifa, wenye shibe na wasio nayo. Hofu, alisema, hukaa mahali pa njaa, na mgonjwa huona kwamba kukataa chakula ndicho kitu pekee anachokitawala maishani mwake. Alituonya tusimlazimishe mwenzetu wala tusiuzungumzie mwili wake. Tukae naye, tule naye.

Alieleza pia kwamba mtu aliyekaa na njaa muda mrefu hulishwa kidogo kidogo, maana akila sana kwa mara moja moyo huweza kusimama. Recho aliinua kichwa.

"Kwa hiyo nilimuua?"

Dada Véronique alisogea, akaketi karibu naye. 

"Ulimpa ulichokuwa nacho," akasema. "Hukujua. Na mimi wakati ule sikujua."

Recho alilia mpaka sweta zikalowa. Siku ile alikunywa vijiko vitatu vya uji. Sasa anamaliza nusu sahani. Zipo siku zinazomshinda, nasi tunakaa naye hivyo hivyo.

CHANGAMOTO

Mheshimiwa, sote tulikuwa tukiwaangalia waliokonda.

Mwenzetu Anjelika hakukonda. Alimaliza sahani yake na kuomba nyongeza, nasi tukamsifu mbele ya Recho. Kisha alikwenda chooni, nasi tukamsikia akikohoa. Mashavu yake yalivimba, vidole viwili vikawa na makovu ya meno. Tulidhani ni minyoo. Mwezi Juni, asubuhi, alianguka kwenye mstari wa kuosha vyombo, bakuli lake likiwa tupu, na hakuinuka tena. Dada Véronique alisema anayetapika kila siku hupoteza chumvi zinazouendesha moyo. Alisema angemuuliza, kama tungemtaja.

Tangu hapo, msichana akimaliza sahani yake bwalo zima humfuata kwa macho.

MAOMBI

Tunaomba asiyekula asichapwe. Tunaomba tusipimwe uzito mbele ya wenzetu. Tunaomba wazazi waelezwe ugonjwa huu, kwa lugha za nyumbani.

Zaidi ya yote, kibali cha Dada Véronique kinaisha Ijumaa, na bila kibali hawezi kutoka kambini. Mahindi yako tutayapika. Lakini hatuna mwingine anayejua kumuuliza mtu kwa nini hali chakula.

Juma hili wawili wa Kidato cha Kwanza wameanza kugawa maharage yao. Mmoja ndiye aliyekupokea langoni kwa maua. Ulimshika mkono, ukamwambia ni wa baridi.

Mungu akufikishe salama, Mheshimiwa, na akujalie kutusikia.

Ni sisi,
Wasichana wa Bweni, Nyakirenzi.
Msomaji: Consolatha Ansbert