Insha Niliyoihifadhi

Assalaamu alaykum, wazee wangu, mama zangu na ndugu zangu nyote. Wakubwa shikamooni. Nimeombwa niseme machache kwa hawa vijana wanne tunaowaombea dua leo hapa madrasani kwetu Zinga kabla hawajaenda kusoma nje, na tangu nilipoambiwa sijala vizuri. Nitakalolisema linamhusu mtu aliyekaa humu ndani, na mwenyewe halijui.

Wengi mnakumbuka nilipopata ufadhili wa kwenda Uingereza kusomea biashara ya mpira. Mlinicheka! Shangazi yangu aliuliza, "Mtoto wa kike, utacheza namba ngapi?" Nikamweleza kwamba sichezi, nakwenda kusoma jinsi klabu inavyouza tiketi, inavyopata wadhamini, inavyomfanya mtu arudi uwanjani wiki ijayo. Akasema, "Hayo tu? Si ungemuuliza mama yako?" Mama yangu, kwa wasiomjua, huuza mihogo ya kukaanga pembeni ya uwanja wetu kila kukiwa na mechi.

Nilikwenda na kichwa kikubwa. Katika madrasa hii hii mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kuhifadhi Kurani, juzuu kwa juzuu, bila kukosea irabu. Nikadhani kusoma kokote ni vile: unayatia maneno kichwani, kisha unayatoa kama yalivyo.

Kazi yetu ya kwanza ilikuwa insha: kwa nini watu hurudi uwanjani hata timu yao ikifungwa? Nikapata kitabu kizuri, nikahifadhi sura nzima, nikakaa nikaiandika yote bila kukifungua. Ndugu zangu, nawaambia, nilijivuna. Mimi nani nibadilishe maneno ya mtu aliyesoma? Niliona ndiyo adabu.

Baada ya wiki mbili ikaja barua pepe. Natuhumiwa kuiba maandishi ya mtu, nifike mbele ya kikao, na nikionekana nina hatia naweza kufukuzwa. Neno lililonimaliza ni hilo la kuiba. Mimi, mwizi? Nilingoja kikao siku sita. Mama akipiga simu naiangalia mpaka inyamaze, halafu namwandikia kwamba niko darasani. Kichwani nilishajiona nashuka uwanja wa ndege, na ninyi mmekuja kunipokea, hamjui nimerudishwa.

Kwenye kikao nikawakuta wahadhiri wawili, mama mmoja na baba mmoja. Hawakuwa wakali, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Wakaniuliza kwa nini nimefanya vile. Hapa, ndugu zangu, nivumilieni kidogo. Niliogopa sana, nikasema hivi: "Ndivyo nilivyofundishwa kwetu. Mwalimu wangu wa madrasa alitukaririsha tu, hakutufundisha kufikiri."

Yule mama akayaandika. Akanitazama kwa huruma, na mimi huruma ile nikaipokea. Wakanipa wiki tatu niandike insha nyingine kwa maneno yangu. Nikirudia kosa, nyumbani.

Nilidhani nitapumua. Wapi! Kila sentensi niliyoiandika niliiona ni ya mtu. Naandika mstari, naufuta. Wiki ya kwanza ikaisha sina hata ukurasa. Alasiri moja nikampigia mwalimu wangu. Si kwamba nilitaka kutubu, hapana, nilitaka aniombee dua. Nikamwambia nimeandika maneno ya kitabu kama yalivyo, sasa wananiita mwizi. Akacheka kidogo, kicheko chake kile mnachokijua.

"Mwanangu, tulipokuwa tukisoma hadithi za Mtume, tulianza na nini?"

"Na jina la aliyeipokea, mwalimu."

"Na mtu akikuletea hadithi, asikwambie kaipokea kwa nani?"

"Siipokei."

"Sasa huyo mwenye kitabu wewe ulimwacha wapi?"

Alinifundisha miaka yote ile, mimi ndiye niliyehifadhi bila kusikia. Akaendelea: "Mtaje mwenye maneno, kisha useme wewe umeelewa nini. Si nilikuwa nawauliza kila siku mmeelewa nini? Ninyi mnatazama mlango tu, mtoke mkacheze." Mwisho akaniuliza, "Na huko kwenye kikao ulijiteteaje?" Nikamjibu, "Nilisema nimekosa." Nikaaga haraka, nikakata simu.

Siku ile ile nikampigia mama, nikamuuliza lile swali la insha. Akasema, "Timu ikishinda watu wanaondoka wakiimba, mihogo inanibakia. Ikifungwa hawaondoki! Wanasimama kumlaumu refa mpaka nauza muhogo wa mwisho. Mtu hafuati ushindi, mwanangu, anafuata wa kuzungumza naye." Nikaandika kwamba amesema hayo mama yangu, muuza mihogo. Nikamtaja na mwenye kitabu, nikaeleza wanapokubaliana na wanapopingana, kisha nikaandika mimi naonaje. Nilifaulu, si kwa alama za kutisha, lakini nilifaulu, na shahada nikaimaliza, alhamdulillahi.

Namshukuru mama. Nawashukuru wahadhiri wale, walionipa nafasi ya pili. Nanyi vijana wangu, mkifika huko msione haya kusema elimu mmeipata kwa nani, wala msiogope kusema mnavyoona. Na mkibanwa, msimtupe mtu wa nyumbani ili mgeni awahurumie. Mimi nilifanya hivyo.

Mwalimu, shikamoo. Sikuwaambia wale wahadhiri kwamba nimekosa. Niliwaambia wewe ndiye uliyekosa. Tangu nirudi, kila Idi nakuja kukupa mkono, unanikaribisha kiti, unawaambia wageni kwamba huyu ndiye mwanafunzi wangu, na mimi nanyamaza. Nilikusingizia mbele ya watu wawili wasiokujua, kwa hiyo leo najirudi mbele ya hawa wote wanaokujua. Niwie radhi, mwalimu wangu. Sikai mpaka unijibu.