Mapigo ya Moyo Yaliyochelewa

Bwana asifiwe, kanisa. Asanteni kwa kunipatia nafasi. Wengi mnanijua kama yule msichana wa kompyuta, yule huitwa projekta ikikataa kuwaka. Leo sikuja kutengeneza kitu. Nimekuja kusema vile nilianguka, na vile watu walinishika mkono. Majina sitayataja, wenyewe wameniomba hivyo.

Kuna zahanati moja upande wa Zombe, mbali na daktari. Mama akishikwa na uchungu wa kuzaa, nesi anamfunga mkanda tumboni na mashine inasikiliza moyo wa mtoto. Kazi yangu ilikuwa kuunganisha mashine hiyo na mtandao, ili daktari aliye mjini aone mapigo yale kwenye skrini wakati huo huo. Katikati kuna kompyuta za kukodi, ziko mbali sana, ambazo sisi tunaziita wingu. Hatuzioni. Tunatuma vitu huko na daktari anavichukua huko.

Siku ya kuzindua nilisimama mbele ya watu nikasema, "Moyo ukidunda hapa, daktari anauona ndani ya sekunde tatu." Wakapiga makofi. Ndugu zangu, nawaambia ukweli: hizo sekunde tatu nilizipima siku moja tu, na mashine moja, bila mtu mwingine yeyote kwenye laini.

Ikafanya kazi vizuri. Vituo vingine vya afya vikaanza kuniomba: tuwekee ripoti zetu pia, tuwekee picha za eksirei. Na vile mimi hupenda kupendwa, nikawa naitikia tu. Nikarundika kila kitu kwenye kompyuta ile ile moja iliyobeba mapigo ya moyo.

Asubuhi moja, siku ya soko, vituo vyote vilikuwa vinatuma ripoti za mwezi. Mama mmoja alikuwa kitandani, mkanda tumboni. Mapigo ya mtoto wake yakapanga foleni nyuma ya ripoti. Daktari akiangalia skrini anaona moyo unadunda vizuri. Hakujua anaangalia moyo wa dakika kumi na moja zilizopita.

Lakini nesi wetu ni mama wa kizamani. Hakuwahi kutupa kile kipembe chake cha mbao cha kusikilizia tumbo. Akainama, akasikia moyo unalegea. Akapiga simu.

"Daktari, mtoto anachoka."

"Mama, kwangu hapa yuko sawa kabisa."

"Hiyo yako sijui. Mimi nasikia kwa sikio langu. Leta gari."

Gari likaja. Mtoto akazaliwa mjini, bila kulia. Alilazwa siku kumi na mbili, lakini aliishi. Semeni amina hapo. Baadaye nikasoma rekodi za mashine, nikaziona zile dakika kumi na moja.

Nikaandika barua ya kuacha kazi, nikazima simu, nikaenda Matinyani kwa mama yangu. Jumapili, hapa kanisani, nilikuwa naingia mkishaanza kuimba na kutoka kabla ya salamu. Mlidhani ni maringo. Ilikuwa ni aibu.  Nyumbani mama alikuwa anapika isyo, mahindi na maharagwe, anaweka sahani mbele yangu, anasema, "Kula kwanza." Kila siku, "Kula kwanza."

Alasiri moja tulikuwa uani tukichagua ndengu. Nesi akaingia langoni. Nilitaka kukimbilia ndani. Yeye akavua viatu, akakaa kwenye turubai, akaanza kuchagua nasi.

"Sikuja kukugombeza," akasema. "Nimekuja kukuambia mashine yako nimeifunika na shuka."

"Iache hivyo, mama."

"Siiachi. Wiki hii nilikuwa na wamama watatu kwa wakati mmoja, na masikio yangu ni haya mawili. Nani anajua pale iliharibika kama wewe?"

"Karibu niue mtoto."

"Mtoto huyo ananyonya mpaka mamake amekonda. Acha kulia, mwanangu, utalowesha ndengu."

Mama yangu akacheka. Na mimi nikacheka, mara ya kwanza tangu siku ile.

Kesho yake nilienda kwa daktari kuomba msamaha. Akasema, "Na mimi nilimwambia nesi mtoto yuko sawa. Keti, tuitengeneze." Halafu nikaenda kwa yule mama wa mtoto. Alinisikiliza mpaka mwisho, mtoto begani. Akaniuliza kitu kimoja: "Kwa nini mashine haikusema imechelewa?"

Jamani! Miaka yote ya chuo, swali hilo sikuwahi kujiuliza.

Tukaanza upya. Mapigo ya moyo yakapata kompyuta yao peke yao, ripoti zikapelekwa kwingine zingoje. Kila pigo likabeba saa yake ya kutoka. Likizidi sekunde tano njiani, skrini ya daktari inakuwa nyekundu na kuandika: Usiniamini, piga simu. Kituo kipya hakiingii mpaka tujaribu vyote vikituma pamoja, na nafasi ikiisha nasema hapana. Kusema hapana kulinipa shida kuliko hesabu zote. Siku ya kujaribu, nesi alishika saa Zombe akihesabu kwa simu, "Moja, mbili..." na daktari anajibu mjini, "Nimepata!" Wakarudia mpaka sauti zikakauka.

Juzi intaneti ya zahanati ilikatika mama mwingine akiwa kitandani. Skrini ikawa nyekundu. Daktari akapiga simu papo hapo, nesi akasikiliza mwenyewe, na mtoto akaja akilia kwa nguvu. Mashine ilishindwa, lakini safari hii haikudanganya mtu.

Nesi, asante kwa kuja mpaka uani. Daktari, asante kwa kubeba nusu ya mzigo. Mama yangu, asante kwa kila sahani. Na wewe mama wa mtoto, Mungu akuzidishie.

Somo langu ni dogo. Kama ulimwahidi mtu kitu na unaona kitachelewa, mwambie mapema, akiwa bado na nafasi ya kujipanga. Labda kuna mtu hapa anamkwepa mwenzake kwa ajili ya neno kama hilo. Baada ya ibada nitasimama pale mlangoni. Ukiogopa kwenda kumwona peke yako, njoo, tutaenda wawili.