Sinia Moja, Mshahara Mmoja

Wanachama wenzangu, wa salamu za msikitini na wa salamu za kanisani, zote pokeeni. Nimeandika kwa sababu nikisimama maneno hunipotea. Nikikosea, nivumilieni.

Mwajua niliondoka hapa Tononoka kwenda nchi ya jangwa kutafuta madini. Tulikuwa watatu kwenye mashine moja ya kuchimba: mimi, Mfilipino na Mwaustralia. Jua moja, vumbi moja. Nikasikia fununu kwamba Mfilipino ananizidi mshahara. Ndugu zangu, moyo ukaingia doa. Nikaacha kumsemesha, naye akaacha kunijibu. Hata kula, kila taifa na meza yake.

Nikampigia simu mweka hazina wetu, huyo anayejificha na mtandio. Nikamwambia naacha kazi, narudi.

"Huo mshahara wake umeuona ama umehadithiwa?"

"Nimehadithiwa."

"Basi kamuulize, baba. Ukituletea uvumi hapa, sisi tuufanyie nini?"

Mkataba ulikataza kuulizana mishahara. Lakini Idi ikafika, mpishi akaniachia jiko. Nikapika pilau, nikaipakua yote kwenye sinia, nikatandika turubai chini, nikawaita wale wawili. Wakauliza sahani ziko wapi. Nikawaambia, kwetu leo ni mkono na sinia.

Mwaustralia, mtu mzito, akalalama: "Nikikaa chini, nani ataniinua?"

Mfilipino akamjibu, "Kwa mshahara wako, kodi winchi!"

Tukacheka. Nami nikamchokoza Mfilipino: "Hata wewe waweza kuikodi."

Akaliacha tonge. "Mimi? Si wewe ndiye unayenizidi?"

Tukatajiana papo hapo. Mimi na yeye sawasawa. Mwaustralia katuzidi mara mbili. Simlaumu, hakujua. Uso ulimwiva. Akasema, "Kesho twende kwa meneja sote."

Meneja akatwambia mshahara ni siri ya mtu. Mwaustralia akamjibu, "Wakiondoka hawa, naondoka nami. Mashine utaiendesha mwenyewe."

Nimpe meneja haki yake: alitutetea kwa wakubwa zake. Tulingoja jibu roho mkononi. Likaja. Tukalipwa sawa, ndugu zangu! Sote watatu, sawa!

Mweka hazina, ahsante. Wale wawili hawako hapa, lakini nawashukuru mbele yenu. Sijui kama nina la kufundisha. Nawaambia tu, kabla hujamnunia mwenzako, keti ule naye. Sinia li hapo nyuma, pilau ingali moto. Sahani sikuleta.