Picha ya Kaya ya Mzee Hezroni

Tarehe 30 Juni 2004, baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi, Mama Tupokigwe Mwakalinga anastaafu.

Aliajiriwa mwaka 1971 kuwa karani wa mapokezi hospitalini. Matibabu yalikuwa bure, na kazi yake kubwa ilikuwa kunyamazisha wagomvi kwenye foleni. Sauti anayo. Uchangiaji wa gharama za matibabu ulipoanza miaka ya tisini, mwenye ajira walau alikuwa na mwajiri wa kumsaidia. Mkulima wa mpunga wa Ngonga na mchuuzi wa Bondeni hawakuwa na mtu. Ulipofunguliwa mfuko wa afya wa kujiunga kwa hiari, Mama Tupokigwe akapewa dawati la kuwaandikisha. Aliwafuata sokoni, kanisani, hata misibani. Sisi wenzake tulifika mahali tukawa tunamkwepa, maana hukumaliza kikombe cha chai kabla hajauliza kama shemeji yako ameshajiunga.

Kanuni ya mfuko ilitaka kaya nzima ipige picha moja ya kubandikwa kwenye kadi, ili ndugu wa ng'ambo ya mto Songwe, upande wa Malawi, wasiazimane kadi. Aliyeitunga hakuwa Mnyakyusa, hilo nina hakika. Huku kwetu mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani. Wakikaribia kukutana njiani, mkwe huingia migombani mzee apite.

Mwaka 2001 Mzee Hezroni wa Ngonga alikuja kuandikisha kaya yake. Mwanawe Gwamaka alikuwa Karonga, ng'ambo ya mto, kibiashara, amemwacha mkewe Lusungu mjamzito. Mimba ya kwanza ya Lusungu iliishia kwa mtoto kufa, na daktari alishaonya kuwa safari hii atahitaji upasuaji. Bila kadi wasingeumudu. Mzee alimpenda mkwewe, lakini kupiga naye picha alikataa katakata. Lusungu naye aliapa ni heri ajifungulie shambani. Mkuu wetu wa ofisi akasema bila picha hakuna kadi.

Mama Tupokigwe alikasirika, akafunga safari hadi Ngonga na mpiga picha. Alimsimamisha Lusungu peke yake mlangoni kwake, kisha akamwandika yeye kuwa mkuu wa kaya yake mwenyewe. Mkuu wa ofisi aliuliza tangu lini mke wa mtu akawa mkuu wa kaya.

"Tangu mume wake avuke mto," alijibiwa. "Usiposaini, bosi, msibani utakwenda mwenyewe kueleza."

Alisaini.

Lusungu alipasuliwa mwezi wa nane mwaka huohuo. Gwamaka aliporudi na kuiona kadi alinuna siku mbili tatu, yakaisha. Mzee Hezroni alikuja hospitali lakini wodini hakuweza kuingia, akabaki nje nyuma ya jengo, hajui kama mtoto ni mzima. Mama Tupokigwe alimbeba mtoto mwenyewe, akazunguka naye, akamweka mikononi mwa babu yake. Mzee alilia mbele za watu, wala hakujificha.

Mama, ndaga fijo, asante sana. Tunakuombea afya njema na miaka mingi yenye furaha huko nyumbani Ipinda, wewe na wote uliowaandikisha.