Mpiga Pasi Aliyepewa Siku Tatu

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Leo tunamkumbuka mwanamke aliyepiga pasi mashati kwa miaka kumi na tisa. Miaka kumi na tisa, karakana moja, meza moja, akiwa amesimama. Wenzake walimwita Pasi Moto, kwanza kwa kazi yake, pili kwa ulimi wake. Amefariki akiwa na miaka arobaini na mmoja. Ameacha mume ambaye ni dereva wa lori, mabinti wawili, na mama mkwe.

Mengi nitakayowasimulia nimeyapata kwa mama mkwe huyo. Ni mwalimu wa michezo mstaafu. Mtaani kwao wanamwita Mwalimu tu, nasi tutamwita hivyo.

Mwalimu hafichi kitu. Anasema miaka kumi na miwili aliishi na mkaza mwana wake nyumba moja bila kupikika chungu kimoja. "Yeye akisema kweupe, mimi nasema kweusi," anasema. "Mwanangu akisafiri, tulikuwa tunazungumza kupitia kwa watoto. 'Mwambie bibi yako chai ipo.' Na bibi mwenyewe nimekaa pale pale!"

Ikafika Jumatatu moja. Pasi Moto alikuwa anashusha mashati kwenda stoo, kwa ngazi za nyuma. Kipandio cha tatu kilikuwa kimebomoka ukingo. Wafanyakazi walikuwa wamekisema mara tatu. Narudia, mara tatu. Mashati yalimjaa mikononi mpaka kidevuni, hakuona anapokanyaga. Mguu ukapinduka kwa ndani, akaketi chini kwa kishindo.

Msimamizi alikuja mbio. Neno lake la kwanza lilikuwa hili: "Mashati yamechafuka?"

Pasi Moto alirudishwa nyumbani akiwa ameshikiliwa na wenzake wawili. Kifundo cha mguu kilikuwa kimevimba kama andazi. Jirani alikuwa tayari ameshabandika maji jikoni, anataka kukanda. Mwalimu akasimama mlangoni.

"Hakuna kukanda. Hakuna maji moto. Siku mbili za kwanza ukikanda unaongeza uvimbe."

Akapiga magoti. Akabonyeza kwa kidole gumba mfupa wa nje wa kifundo, kisha wa ndani, kisha akateremka mpaka ubavuni mwa unyayo, taratibu. Akauliza panauma wapi. Halafu akasema, "Simama, nipe hatua nne. Ukishindwa, tunakwenda hospitali sasa hivi."

Pasi Moto akatoa hatua nne. Machozi yalimtoka, lakini alizitoa zote.

"Kimeteguka, hakijavunjika," Mwalimu akasema. Akaagiza barafu dukani. Akaifunga kwenye taulo, maana barafu haiwekwi juu ya ngozi tupu. Dakika ishirini, akaiondoa. Baada ya saa mbili, tena. Akafunga bandeji ya kuvutika kuanzia karibu na vidole kupanda juu, akawa anavigusa vidole kila mara asije akakaza mno vikapoa. Akaweka mito miwili chini ya mguu.

"Nyanyua mguu," akamwambia, "ulimi uache ulipo."

Wasikilizaji, Pasi Moto alicheka. Na Mwalimu akacheka. Mabinti walitoka chumbani kuangalia kuna nini.

Siku ya pili waliongea mchana kutwa. Siku ya tatu uvimbe ulikuwa umeanza kushuka, na Mwalimu alikuwa anamfundisha kuchezesha vidole na kukunja kifundo polepole. Hapo Pasi Moto akamuuliza, macho kwenye mto: "Mama, kwani mimi nilikukosea nini?"

Mwalimu anasema aliendelea kukikunja kile kifundo. Akamjibu, "Hukunikosea. Nilikuwa na mtoto mmoja, ukaja ukamchukua. Basi."

"Sikumchukua, Mama. Lori ndilo lililomchukua. Wote wawili tumeachwa."

Jioni hiyo hiyo simu ikalia. Msimamizi. Alisema kifundo kilichoteguka si ugonjwa, kesho saa moja awe mezani, la sivyo kuna watu getini wanaitaka nafasi hiyo. Mwalimu akaichukua simu.

"Mwanangu, huyu akae walau wiki. Na akirudi, mpe kiti, na asipande ngazi."

"Kwani wewe mama ni daktari?" Simu ikakatwa.

Siku tatu. Hizo ndizo alizopewa. Asubuhi Mwalimu alimfunga bandeji upya, akimwomba asiende. Pasi Moto akamshika bega. "Mama, tumbo halina likizo. Nitasimama mguu mmoja kama korongo."

Kiti hakukipata. Ngazi alipangiwa zile zile. Siku ya sita tangu arudi kazini, mguu ulimwishia nguvu kwenye kipandio kile kile, mashati yakiwa mikononi. Kichwa kiligonga sakafu ya saruji. Alifariki kesho yake hospitalini.

Ngazi ilitengenezwa wiki ya mazishi. Fundi alitumia nusu saa.

Halafu ikaja taarifa ya karakana. Ukurasa mmoja, wenye muhuri. Iliandikwa kwamba marehemu alianguka "kutokana na jeraha lililotibiwa isivyofaa nyumbani." Kipandio hakikutajwa. Simu haikutajwa. Mwalimu aliisoma akiwa amesimama, akairudia, akatafuta pa kukaa.

Mume alirudi safari akaikuta mezani. Akaisoma. Akamtazama mama yake, akauliza, "Mama, kwa nini hukumpeleka hospitali?"

Mwalimu alikuwa na la kujibu, akamweleza. Daktari aliyempokea mkwewe alipiga picha ya mguu ule, mfupa ulikuwa mzima. Alimwambia Mwalimu mwenyewe, "Aliyefunga bandeji hii anajua anachofanya." Lakini maneno ya daktari yalisemwa kwa mdomo, na ya karakana yana muhuri. Mwana alisikia yote mawili. Mpaka leo hajasema ameamini lipi. Anakula, anashukuru, anaondoka na lori lake. Mabinti ndio wanaopeleka salamu kati ya baba na bibi.

Kwa mume, kwa mabinti wawili, kwa Mwalimu, tunawapa pole nyingi kutoka studio hii. Mungu awape subira.

Na wewe unayenisikiliza, mwenye watu chini yako. Mtu akikwambia kwamba mguu umevimba, neno lako la kwanza huwa lipi? Na wewe mwenye karatasi mkononi, kabla hujamuuliza mama yako swali kama lile, umekaa naye ukamsikiliza mpaka mwisho?

Nilipokuwa natoka nyumbani kwao, nilimuuliza Mwalimu angependa niseme nini kwenu. Nilidhani atamtaja msimamizi. Alikuwa akikunja bandeji iliyokwisha kufuliwa.

"Waambie," akasema, "ule mguu ulikuwa unapona. Na sisi pia."